Nyumbu Asiyekanyaga Pamba

Maiti ya Bwana Harlan Stroud ililala kifudifudi kwenye shamba la pamba lililolimwa nusu, kisogo kimepasuka. Inspekta Coy Purvis alikagua jeraha, kisha akainamia udongo. Maiti haikimbii, nyayo hufutwa na mvua.

Ilikuwa Agosti 1933, Arkansas. Serikali ilikuwa inawalipa wenye ardhi waifukie pamba yao kwa plau ili bei ipande. Mpangaji aliyeipanda na kuipalilia aliachiwa wema wa mwenye ardhi. Wema gani!

"Nani alikuwa analima hapa, mzee Ezra?"

Ezra Tolliver, mpangaji wa Stroud kwa miaka kumi na tisa, alivua kofia. "Mwenyewe, afande. Mimi niligoma. Akaleta nyumbu wake wa kukokota magogo."

"Ulimwona?"

"Kwa macho haya."

"Basi niazime nyumbu wako."

Wakamfunga plau nyumbu huyo, chotara wa punda na farasi. Inspekta akamwelekeza juu ya tuta la pamba. Mnyama akagoma. Alipochapwa akaruka pembeni, akasimama katikati ya matuta, plau ikalala ubavu. Karibu na maiti palikuwa na alama zile zile.

"Nyumbu wa magogo hukanyaga chochote. Huyu kafundishwa, na alama za hapa ni zake," alisema inspekta. "Njia ya mwongo fupi, mzee. Sema."

Ezra akaketi chini kwenye udongo.

"Nilimfundisha mimi, kwa fimbo, asikanyage pamba. Jana naambiwa nimchape mpaka aikanyage. Nikamchapa mpaka damu. Bwana Stroud anacheka tu: 'Chapa, babu! Ukimaliza, Jumamosi mhame. Pamba ikipungua, na midomo ipungue.' Nilikuwa na spana ya plau. Nikajiuliza, hivi namchapa nani?"

"Ukampiga."

"Mara moja, afande. Nilidhani akifa, mke wangu atabaki na nyumba."

Purvis alimfunga pingu, roho ikimuuma. Asubuhi ile mjane wa Stroud alikuwa amemweleza bila chozi: hundi ya serikali ataichukua yeye, trekta ameshaagiza.

"Mke wangu atabaki, si ndiyo?" Ezra aliuliza.

"Hapana, mzee. Stroud alitaka kuwahamisha ninyi tu. Mjane anawahamisha wapangaji wote."

Ezra alimgeukia nyumbu wake. Mnyama alikuwa bado amesimama katikati ya matuta, hajavunja hata jani.