Mwari Aliyehesabiwa Amekubali

Jirani zangu wa Malindi hapa Unguja, nawaelezeni habari ya nyumba ya Bwana Silima, kwa sababu nawaona baadhi yenu mnaifuata njia ile ile na mnaona mnafanya jambo la maana.

Mwaka wa hamsini na nne nyumba ile ilikuwa na raha yake. Kila alasiri Mize, binti wa Silima, alikaa uani na shangazi yake, Bi Mwanakheir, wakishona kofia. Wote wawili walizaliwa viziwi, lakini kwa mazungumzo hakuna aliyewashinda. Shangazi alikuwa na lugha yake ya mikono tangu utotoni kwao Mkokotoni. Akamrithisha Mize, na Mize akaizidishia maneno yake mwenyewe. Kidole nyuma ya bega ni jana. Kuvuta ndevu zisizokuwepo ni Silima, na hapo hucheka mpaka sindano zikawaanguka. Bi Kazija, mama yake Mize, naye aliijua vyema, na umbeya wa mtaa mzima ulipita pale bila ya sauti.

Siku moja Silima alikuja na wageni. Mmoja akachungulia uani, akasema, "Silima, kima hawa umewatoa msitu wa Jozani?" Wenziwe wakacheka. Silima aliona haya, na badala ya kumfukuza mgeni, akamfukuza dada yake. Kesho yake Bi Mwanakheir alirudishwa Mkokotoni.

"Sitaki kuona mkono unapungwa tena nyumbani kwangu," alimwambia mkewe. "Na wewe Kazija, nkikuona, utamfuata wifi yako."

Tazameni ukatili huo! Mtu hawezi kusema kwa ulimi, wewe unamfunga na mikono. Mize akiinua kidole, hupigwa. Kazija, kwa kuogopa talaka, alifyata, asimsemeshe tena kwa mikono. Mtoto aliishi miaka miwili katikati ya watu wake bila ya kuambiwa lolote ila njoo, kula, lala.

Kisha akachumbiwa na Bwana Matar wa Fumba, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, ambaye alipendezwa kusikia kuna msichana mzuri asiyejibu.

Siku ya ndoa nilikuwa chumbani na bibi harusi. Mnaijua desturi: sheikh huja mlangoni na mashahidi, akamuuliza mwari kama ameridhia, na mwari akinyamaza huhesabiwa amekubali, kwani haya imemzuia kusema. Sheikh Abdulla aliuliza nyuma ya pazia. Akauliza tena. Mize alikuwa akiangalia hina ya kucha zake.

"Kanyamaza," alisema Silima huko nje. "Karidhia. Haya sheikh, watu wanangoja msikitini."

Kazija akasimama. Nilidhani atalia tu, kama mama yeyote.

"Sheikh, usende! Hajanyamaza huyu, hajasikia! Hajui hata kama anaolewa yeye."

"Kazija!" Silima aliingia chumbani kwa hasira.

"Ukitaka kuniacha, niache. Nshachoka."

Sheikh akauliza, "Yupo anayeweza kumfahamisha?"

"Mimi mamake."

"Basi mfahamishe. Ishara ya bubu ikifahamika ni kauli yake. Bila ya hiyo sifungishi ndoa."

Kazija akainua mikono, akamweleza yote. Mize alimtazama mama yake, machozi yakamtoka, kisha mikono yake ikaenda mbio mpaka Kazija akamshika apunguze.

"Anasema hataki," Kazija alisema kwa sauti. "Anauliza, huko Fumba nani atasema naye? Anasema upweke wa humu ndani umemtosha."

Maneno hayo yalimchoma Silima, akainua mkono amwombe radhi mwanawe. Mkono ukabaki hewani. Hakujua hata neno moja la kumwambia, ikambidi amgeukie mkewe amsemee.

Ndoa ile haikufungwa.

FUNZO

Lugha ya mikono ni lugha. Huzaliwa majumbani, huwa na maneno na mpango wake, na shangazi humpa mtoto wa ndugu yake kama sisi tulivyopewa Kiswahili na mama zetu. Ukiikataza kwa kuogopa kuchekwa, hukumfundisha mwanao adabu, umemtenga na watu. Jifunzeni mikono ya watoto wenu mapema, msije mkahitaji mkalimani siku ya kuwaomba radhi.