Jumatano ya Pon

La, hakuwa bibi yake! Alikuwa mama yake mzazi, ndiyo nawaambia. Bi Tumini alikuwa na miaka arobaini na mitano, na mimba ya miezi minane. Watu wa kijiji kile, chini ya mlima Merapi kisiwani Java, walishangaa siku mbili tatu, kisha wakarudi mashambani kwao. Aliyeshindwa kuzoea ni Wening, binti yake wa miaka kumi na miwili.

Kila asubuhi Wening alianika uani vipande vya wali vya kukaangwa na kuuzwa, maana ndiyo kazi ya nyumba ile. Kisha alimsomea mama kalenda ya ukutani. Macho ya mama hayakuona tena herufi ndogo, na tangu miguu ianze kumvimba hakwenda sokoni, kwa hiyo hesabu ya siku ilimpotea. Wenyewe Wajava siku yao ina majina mawili, la wiki na la soko. Na siku za soko ni tano zinazozunguka: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon. Jumatano ikiangukia Wage, Bi Tumini hatoki nje ya ua hata umburute. Ndiyo siku aliyofariki mama yake.

Sasa, Jumatatu moja Bi Tumini alimpelekea Wening mwavuli shuleni. Galih, kijana wa darasa lao, akapayuka, "Wening! Bibi yako kaiba tikiti maji la nani?" Darasa zima likacheka. Wening akatamani ardhi immeze.

Jumanne jioni mama akauliza, "Mwanangu, kesho siku gani? Mkunga Rahayu anapima wajawazito uani kwa mwenyekiti wa kijiji."

Ua wa mwenyekiti unatazamana na shule. Wening akaitazama kalenda. Jumatano, Pon.

"Jumatano ya Wage, mama," akasema.

"Siku ya marehemu mama! Basi siendi. Nitakwenda mwezi ujao."

Siku ya pili Wening alirudi saa sita mchana. Vipande vya wali vilikuwa bado uani, kuku wanajilia. Mama ameketi mlangoni, uso umemvimba kama unga uliotiwa hamira.

"Mama, una nini?"

"Kichwa, mwanangu. Kinapasuka. Na machoni naona kama vimulimuli."

"Twende kwa mkunga! Bado yupo."

"Leo? Siku ya mama yangu? Sitoki. Nitalala, kitapoa."

Wening akamvuta mkono, mama akaurudisha. Baba yake alikuwa mbali, shamba la tumbaku. Hapo mtoto akaona kwamba uongo wake ndio uliomfungia mama mlango, na wa kuufungua ni yeye peke yake.

"Mama, leo si Wage. Leo Pon. Nilikudanganya. Sikutaka wakuone."

Bi Tumini alimtazama. Hakupiga, hakugomba. "Niletee kanga," akasema.

Mkunga Rahayu alikuwa anafunga mizani yake. Alimfunga Bi Tumini kipimo mkononi, akatazama, akapima tena. "Presha hii mbaya. Mwenyekiti, toa gari!"

Alasiri ile ile, hospitali ya mjini, mtoto akatolewa kwa upasuaji. Wa kiume, mdogo kama papai, lakini sauti anayo.

Mtoto wa Kijava akifikisha siku thelathini na tano hunyolewa nywele, na majirani hualikwa. "Hesabu wewe siku ya karamu," mama akamwambia Wening, akimpa kalenda. "Macho yangu ni wewe." Wening akahesabu mara tatu, akamwita na baba yake ahakikishe.

Siku ikafika. Mkunga Rahayu alikuja, na Galih akaja na mama yake, macho chini.

"Mkubwa kuliko tikiti, eh?" Wening akamwambia, akimwonyesha mtoto.

"Nisamehe bwana," Galih akanong'ona.

Mkunga akamvuta Wening pembeni. "Kuzaa ukubwani si aibu, mwanangu. Ila mama wa umri ule hatari zake ni nyingi, lazima apimwe kila kliniki. Na wewe ukiona haya, sema unaona haya, tutakusikiliza. Ukidanganya, mkubwa anafuata ulichosema, na anaweza kufa kwa kukuamini."

"Nimeelewa, mama mkunga."

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Wali uliosimamishwa kama mnara katikati, mboga za nazi, mayai, uji mwekundu na mweupe. Baba akauliza kwa sauti, kama desturi, "Leo siku gani tunayomwombea mtoto huyu?"

Mama akamtazama Wening.

"Jumatano ya Pon, baba."

"Ndiyo hiyo," akasema mama, akasogea kumpa Wening nafasi mkekani. Wote wakakaa, wakala.