Kabichi Zilizotozwa Mara Mbili

Wewe unayesoma, usijifanye huoni. Unapita sokoni Majengo, unamwona mama akitozwa ushuru kwa kabichi zilizokwisha kutozwa njiani, nawe unageuza shingo kutazama Nyiragongo kana kwamba mlima umekuita.

Lucie hakugeuza shingo. Kila siku baada ya masomo alikwenda sokoni kumsaidia jirani yao, Mama Masika, kufunika kabichi kwa gunia lililoloweshwa zisinyauke. Baba yake, Papa Damascène, alikuwa mchambuzi wa bajeti katika ofisi ya serikali. Jumapili baada ya misa watu walijaa uani kwake awaandikie barua, bila malipo. Hakuna aliyeandika kama yeye. Kila barua aliifungua hivi: “Tuseme ukweli bila kuuchemsha mara mbili.”

Ndipo kina mama wa sokoni walipomwomba awaandikie malalamiko. Walilipa ushuru kwenye bariera ya Kibumba, kizuizi cha barabarani, kisha wakalipa tena sokoni. Aliandika barua, wakaipeleka katika ofisi ileile ya serikali, wakamshukuru kwa kapu la maharagwe.

Jibu lilisomwa sokoni na mtoza ushuru aliyesimama juu ya kreti. “Tuseme ukweli bila kuuchemsha mara mbili,” alisoma. “Wauzaji hawa hawajawahi kulipa chochote njiani.”

Mama Masika alilichukua gunia mikononi mwa Lucie, akafunika kabichi zake mwenyewe.

“Papa yako ana mikono mbili kweli,” alisema Benny, mwana wa Mama Masika. “Moja yetu, moja yao.”

Nyumbani baba hakukana. Alieleza kwa kirefu: mkuu wake alitaka jibu hilo, la sivyo kiti chake angepewa mwingine, na karo ingetoka wapi? Lucie alisikiliza mpaka mwisho.

“Papa,” aliuliza, “kesho nikienda sokoni, nitapita wapi?”

Baba, bingwa wa maneno, alijibu kwa machache: “Nitapita nawe.”

Asubuhi walikwenda sokoni pamoja. Papa Damascène alipanda juu ya kreti ileile, akatangaza kwa Kiswahili cha kila mtu kwamba jibu lile aliliandika yeye, na ni uongo. Fedha za Kibumba ziliingia kwenye bajeti, alizipanga kwa mkono wake. Wiki hiyo alipoteza kiti chake. Lakini kina mama walikwenda ofisini wote pamoja na karatasi zao za malipo ya bariera, wakakaa mlangoni mpaka ushuru wa pili ukafutwa.

Mama Masika alimrudishia Lucie gunia.

“Mutoto,” alisema, “mutu anayejua kuandika asikodishe mikono yake kwa uongo. Papa yako alirudi, na ni vizuri. Lakini mimi ningali na hasira, na hiyo pia ni ukweli.”

Na wewe? Unajua kuandika. Funga kitabu hiki, nenda sokoni leo, muulize mama wa kwanza amelipa mara ngapi, umwandikie. Usiseme kesho. Kesho atatozwa tena.