Mstari Mweupe wa Mama Prosser

Jumapili ile ilianza kama nyingine zote katika bonde letu la Wales: mvua nyembamba, moshi wa makaa, na watu wenye nguo nyeusi wakipanda kilima kwenda Kanisa la Hermoni. Ilikuwa tarehe ishirini na nne Machi, mwaka 1968. Baada ya ibada nilisimama mlangoni nikikusanya vitabu vya nyimbo, kando ya mjomba wangu, Shemasi Gomer Treharne, mwenye ardhi yote ya mtaa wetu. Mimi nilikuwa karani wake.

Ardhi, nasema, si nyumba. Nyumba zilijengwa na wachimba makaa kwa mikono yao wenyewe, juu ya ardhi waliyokodishiwa kwa miaka tisini na tisa. Miaka hiyo ikiisha, ardhi huimeza nyumba, na mjukuu wa mjenzi hugeuka mgeni mbele ya meko ya babu yake. Ndipo mwaka ule sheria mpya ikaja kama baragumu ya Yubile, mwaka ambao katika Biblia watu hurudishiwa ardhi yao: akaaye ndani ya nyumba aweza kuinunua ardhi iliyo chini yake, mradi barua yake imfikie mwenye ardhi kabla mkataba haujafa.

Mkataba wa Mama Prosser, mjane wa nyumba namba tisa, ulikuwa unakufa siku ileile. Nilijua. Tarehe hiyo niliiandika mimi.

Alitujia akikohoa, kifua kilikuwa kimemlaza mwezi mzima. Mkononi alishika bahasha.

"Shemasi, pokea hii. Jirani amenisomea ule mkataba jana jioni tu."

Mjomba hakunyoosha mkono. "Mama Prosser! Shughuli za dunia siku ya Bwana? Wewe, uliyemtimua muuza maziwa kwa sababu ya Sabato?"

Wawili watatu walicheka. Mama Prosser aliinama kwa haya, maana ilikuwa kweli. Aliishika Sabato kuliko sisi sote.

"Basi nije lini?"

"Njoo Jumatatu, mama."

Akanigeukia mimi. "Idwal, mwanangu, kesho itafaa?"

Neno moja lingetosha. Niliendelea kupanga vitabu.

Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini. Mjomba alimwonyesha kwa kidole tarehe ya mkataba: ulikuwa umekufa jana. Mama Prosser hakulia. Kwa mara ya kwanza hakumwita Shemasi.

"Gomer, kizingiti kile nimekisugua kila Jumamosi kwa miaka hamsini, ili Jumapili iingie nyumbani kwangu safi. Siku ya Hukumu kikiulizwa mwenyewe ni nani, kitasema."

Alifariki wiki tatu baadaye, hospitalini. Binti yake, Olwen, alikuja kutoka Swansea akachukua saa ya ukutani na Biblia. Nyumba tukaichukua sisi. Mfalme Ahabu naye alilipata shamba la Nabothi, baada ya Nabothi kuuawa kwa hila.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa mchana, tulikwenda kuikagua. Vyumba vilikuwa vitupu. Tukiwa jikoni tulisikia sauti mlangoni: jiwe likisugua jiwe. Taratibu. Bila kuchoka.

Nilifungua. Hapakuwa na mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa, na ukingoni mwake palipita mstari mweupe, ule ambao mama zetu huuchora kwa jiwe laini la kusugulia.

"Majirani wanatuchezea," mjomba alisema.

Sauti ikaanza tena. Sasa ilitoka chini ya miguu yetu.

Jumamosi ya pili, mstari ulikuwa kwenye kizingiti cha mjomba. Niliufuta kwa maji ya moto. Ukarudi. Nikaukwangua kwa kisu. Ukarudi.

Mjomba alitubu. Nashuhudia hivyo, kwa kuwa rehema ni ya Mungu, si yangu kuipima. Alilia akiwa amepiga magoti, kisha akaandika hati ya kumrudishia Olwen nyumba, akaitia sahihi. Jumatano alivaa koti aipeleke mwenyewe. Alifika mlangoni. Akainua mguu. Mguu ukabaki hewani.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nini, mjomba?"

"Anasema leo ni Jumapili. Nije kesho."

Siku iliyofuata alijaribu tena. Na iliyofuata. Kila siku kwake ikawa Sabato iliyofungwa. Alikonda. Alikoma kula. Siku ya mwisho alinitilia hati mkononi, vidole vyake baridi kama maji ya kisima.

"Ipeleke wewe, Idwal. Wewe huna mstari."

Tulimkuta amekufa, amelala mlangoni, ncha za viatu vyake zikigusa mstari. Hazikuuvuka.

Mtaa ukawa urithi wangu. Hati niliitia kwenye saraka ya meza, nikasema nitaipeleka kesho. Nimesema kesho kwa miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo nimeshika ushemasi, nimesoma Neno mbele ya watu, nimekula matunda ya namba tisa. Mungu hakupiga kelele. Alinisubiri, nami nikadhani amesahau.

Juzi nilipata habari kwamba Olwen anaumwa. Kifua.

Leo ni Jumatano. Asubuhi nilitoa hati, nikavaa koti, nikafungua mlango wangu.

Mstari ulikuwa pale. Mbichi.

Nikainua mguu. Kutoka Hermoni, kanisa lililofungwa miaka minne sasa, zikashuka sauti za watu wakiimba wimbo wa Jumapili. Mguu wangu ukarudi ndani wenyewe.

Nimeketi kwenye kiti hapa mlangoni, hati magotini. Ng'ambo ya mstari, juu ya jiwe la njia, pana alama mbili za maji, zimeelekea kwangu. Ni alama za magoti ya mtu aliyeinama kusugua. Jua limewaka tangu asubuhi.

Hazikauki.