Beseni la Kumtoroka Stacy

Kila asubuhi Nzula alitoka kwake kama mwizi. Alivaa dera na malapa, akabeba beseni la nguo, eti anaenda kuanika. Mtoto wake Stacy, wa miaka miwili, alibaki akicheza na nyanya yake. Nzula aliingia kwa jirani yake Veronicah, akavaa nguo za ofisi mbio mbio, akaacha beseni hapo na kwenda kazini Kilimani.

Aliona huo ni ujanja. Mtoto hajaona mama akienda, sasa atalia nini?

Lakini siku hizi Stacy akiona beseni tu, analia. Hata Jumapili. Hata Mulwa, babake, akilibeba kwenda kuoga, mtoto anamshika mguu na kupiga nduru.

Jioni moja nyanya alichoka.

"Nzula, huyu mtoto ananing'ang'ania siku nzima. Hata choo naenda naye! Acha kazi ukae na mtoto wako. La sivyo, Jumamosi narudi Kitui."

"Na nyumba tutalipaje, Mama?" Mulwa akauliza. "Kazi yangu ya mjengo leo iko, kesho haiko."

"Mimi nilikulea na nani?"

"Wewe ulikuwa sokoni ukiuza maembe, Mama. Nilikaa kwa shangazi."

Nyanya akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Asubuhi, kwa Veronicah, Nzula alifunga vifungo vya blauzi huku machozi yakimtoka. Aliipenda kazi yake. Akamweleza rafiki yake yote. Veronicah alisomea malezi, na alifanya kazi katika kituo cha kulelea watoto Kabiria.

"Kumbe unamtoroka mtoto?" Veronicah akashangaa. "Na mimi nilidhani kwenu hamna kioo!"

Nzula akacheka na machozi yake.

"Mama Stacy, shida si kazi. Mtoto anaona mama anaweza kupotea saa yoyote, ndio maana hataki kuachilia mtu. Muage. Mwambie unaenda kazi, utarudi jioni. Halafu uende, usirudi kuchungulia."

"Atalia!"

"Atalia, ndio. Nyanya ambembeleze. Lakini ukisema utarudi, urudi. Na Baba Stacy akifika jioni ashike mtoto, nyanya apumzike. Mtoto si wa wanawake peke yao."

Jioni Nzula akamrai mama mkwe. "Nipe wiki mbili tu, Mama."

Siku ya kwanza Stacy alilia mpaka wapangaji wa ploti nzima wakatoka nje. Siku zilizofuata kilio kikapungua. Jioni Mulwa alimbeba begani, na nyanya akapata nafasi ya kwenda kwaya. Safari ya Kitui hakuitaja tena.

Asubuhi moja Nzula alisimama mlangoni na nguo zake za ofisi.

"Stacy, mama anaenda kazi. Nitarudi jioni."

"Bai," Stacy akasema, mdomo umejaa mkate.

"Ni hivyo tu?"

Nyanya akaangua kicheko. "Enda, utachelewa!"

Nzula hakutoka.

"Stacy, lia basi kidogo. Kidogo tu, kwa ajili ya mama."

Stacy akachovya mkate kwa chai.