Jina Alilolifuta Melkiori

Feni ilianza kuzunguka kabla Melkiori hajachomeka waya ukutani.

Alikuwa amepiga magoti katika chumba cha chini cha nyumba yao huko Crystal, ughaibuni, ncha ya waya ingali mkononi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Januari ya mwaka 2006, na theluji iliyorundikana dirishani ilitia chumbani mwanga mweupe kama wa wodini. Feni ikazunguka mara tatu, polepole, ikasimama. Akajiambia ni upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa tangu Novemba.

Kompyuta ile aliiunda mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, maana Jumatatu alikuwa na miadi na wakubwa wa kampuni moja kule Bloomington, na programu aliyotaka kuwaonyesha ilihitaji mashine yenye nguvu. Programu yenyewe ilisoma picha za moyo na kubaini ugonjwa uliojificha. Vifaa vyote vilikuwa vipya, isipokuwa diski. Diski ilikuwa ya Mudrick.

Mudrick, mtoto wa Tanga, aliishi naye chumba kimoja enzi za chuo. Ndiye aliyeiandika programu ile kwa miaka mitatu, akishindia mkate na chai. Gari lake lilipoteleza kwenye barafu njia ya Blaine akafa, Melkiori ndiye aliyefungasha vitu vyake kuvipeleka kwao. Diski akabaki nayo. "Imekufa, mama," alimwambia mama wa marehemu kwenye simu. "Haina kitu ndani."

Tangu alipoipachika, mashine ilimkataa. Prosesa aliyoishika kama yai aliikuta pini zake zimelala zote upande mmoja, kama nyasi zilizokanyagwa. Akazinyoosha kwa sindano. Bati la kasha likamchana kiganja. Damu ikadondokea ubao wa saketi, naye alipoleta kitambaa aifute, haikuwepo. Kisha ikaja harufu. Umeme ukiunguza kitu hunuka plastiki. Hii ilikuwa ya udi, na ya nywele zilizoungua.

Saa nne kompyuta ikawaka. Akafungua programu, na pale juu pakasomeka jina moja tu: MUDRICK. Akalifuta, aandike lake.

Alipobonyeza M, kidole cha shahada kikafa ganzi. Akakikung'uta, akabonyeza E kwa kidole cha kati, nacho kikafa. Hapo angeacha, lakini tamaa haina macho, akaendelea, L, K, I, kila herufi na kidole chake, na kila kidole kikigeuka cheupe kama mshumaa, na nyuma ya sikio lake kitu kikipumua kila alipobonyeza, pumzi ya moto yenye ile harufu, hata alipofika herufi ya nane skrini ikawa nyeusi ghafla, na ndani ya weusi ule akajiona yeye amekaa, na nyuma yake amesimama mtu mrefu aliyelazimika kuinama ili kichwa kisigonge dari, mikono yake mirefu imening'inia hadi sakafuni, akimtazama kama mtu anayemtazama kuku anayetaka kumchinja.

Akageuka. Hapakuwa na mtu.

Mkewe Ernestina, muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza anatoka kazini. Akateremka ngazi mbio.

"Melki, unachoma nini huku?"

Akamnyooshea mikono. Vidole vinane vyeupe. Vimebaki vidole gumba viwili. Ernestina akachukua ile sindano, akachoma kimoja. Hakikutoka damu.

"Umefanya nini?" akanong'ona.

"Nimeandika jina langu."

Akamweleza yote. Ernestina alipika kwenye msiba wa Mudrick. Akaiachia mikono ya mumewe. Kisha akabonyeza namba za Tanga mwenyewe, akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Sauti ya yule mama ikakauka. "Umeifungua ile diski."

Hakuwa anauliza. Melkiori akaanza kulia.

"Nisamehe, mama. Mwite arudi huko."

"Sikumtuma mimi. Babu yake Mudrick aliacha jini, subiani wa kulinda ukoo na jasho lake. Akamfuata mjukuu mpaka huko kwenu. Lakini yule ni kiumbe wa moto, barafu hakuijua, mwanangu akamponyoka. Tangu siku hiyo anatafuta mtu wa kumlipizia. Siwezi kumwita. Na ningeweza, nisingemwita. Umenizikia mwanangu mara mbili."

"Nifanye nini?"

"Rudisha jina lake. Na mali yake." Simu ikakatika.

Akalifuta jina lake kwa gumba, akaanza kuandika, jasho likimtiririka. M. Kidole kimoja kikarudi na maumivu kama kimetumbukizwa kwenye mafuta ya moto, akapiga yowe. U. D. Ernestina akamshika mabega, akisali. Ilipofika K, harufu ikapungua.

Vidole saba vilikuwa vyekundu. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilibaki cheupe.

"Mbona hicho bado?" aliuliza Ernestina.

Melkiori akahesabu herufi kimoyomoyo. Jina la Mudrick ni fupi kuliko lake.

Jumatatu, Bloomington, aliwaambia wakubwa ukweli: mtunzi amefariki, na mwenye haki ni mama yake. Wakakubali kumwandikia mama huyo. Melkiori akapumua. Ndipo mmoja wao, mwanamke wa makamo, akamwuliza kwa upole:

"Na wewe ulimsaidia sehemu gani?"

Melkiori akatabasamu. "Kidogo tu. Mwanzoni nili—"

Kidole kilichokufa kikainuka chenyewe, kikagonga meza. Mara moja. Wote wakakitazama.

"Hakuna," akasema Melkiori. "Sikumsaidia chochote."

Kidole kikajilaza polepole juu ya meza, kikiwa kimemwelekea yeye.