Rangi ya Gari la Mgiriki

Siku wanakutana, Nosim na Sumari waligombana kabla ya kujuana majina, tena mbele ya duka zima.

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka hamsini na sita, masika yamekatika, na mjini Arusha watu wamefurika kama vile wote wameitwa Boma kulipa kodi siku moja. Dukani kwa Mhindi wa vyuma na rangi, nyuma ya soko, hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Nosim binti Loserian aliingia na gauni la maua mekundu lililombana kiuno, sweta ya njano, na viatu vyeupe ambavyo matope ya sokoni yalikuwa yameshavitia adabu. Alikuwa ametoka chuo miezi minne tu, amepata ukarani kwenye chama cha kahawa, anapiga taipu bila kuangalia vidole. Kwa hiyo sauti alikuwa nayo.

"Nipe kopo la kijani," akamwambia mwuzaji. "La gari."

Mwuzaji, mwenye wateja saba kwa mpigo, akavuta kopo la karibu akaliweka mezani.

"Dada, hiyo ni ya milango ya choo," mtu akasema nyuma yake.

Duka zima likacheka. Nosim akageuka, akakuta kijana mrefu, ovaroli lake lina madoa ya kila rangi unayoijua, na vumbi la msasa limemjaa kichwani mpaka anaonekana ana mvi.

"Nilikuuliza?"

"Hujaniuliza. Mvua ya kwanza ikilipiga gari lako utakuja kuniuliza."

"Na wewe ni nani, daktari wa makopo?"

"Sumari. Fundi rangi, Sakina, barabara ya Nairobi." Akatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililomuudhi Nosim kuliko maneno, maana lilikuwa zuri. "Gari gani?"

Gari lilikuwa Ford ya mwaka thelathini na sita. Mzee Loserian, baba yake Nosim, mkulima wa kahawa wa Ilboru, alikuwa amelinunua kwa Mgiriki mmoja aliyefunga shamba akarudi kwao. Injini nzima, viti vizima, ila rangi yake nyeusi ilikuwa imechoka. Mzee alitaka ling'ae siku ya kufungua ghala jipya la kahawa, wiki tatu zijazo.

Sumari aliposikia hivyo moyo ulimruka, ila uso akauficha. Alikuwa ameacha kazi kwenye gereji ya mjini, amejenga kibanda chake cha mabati chini ya miti ya migrevilia ya Sakina, na wiki ya tatu inapita hana hata baiskeli ya kupaka. Gari la Mzee Loserian lingepita mjini likiwa linang'aa, kila mtu angeuliza limepakwa wapi. Likiharibika, vilevile wangeuliza.

Basi gari likaenda Sakina. Na kila siku saa kumi jioni, ofisi ikifungwa, Nosim naye akawa anakwenda Sakina, kukagua, anasema. Kukagua nini kila siku, Mungu ndiye anajua.

"Karibu, Bibi Karani," Sumari angesema, akimfutia kiti kwa kitambaa safi alichokuwa anakificha kwa ajili hiyo tu. "Leo umekuja kunifukuza kazi?"

"Nikikukuta umelala, ndiyo. Nyinyi Wameru mkishashiba ndizi hamfai kitu."

"Na nyinyi Waarusha mkishakunywa maziwa mnataka kupigana na mtu yeyote aliye karibu."

"Wewe ndiye uliye karibu."

"Nimeona. Na sisogei."

Siku ya nne Sumari alimshika mkono, wakakaa hivyo, na vumbi la malori ya Nairobi likawapita. Siku ya tano wakagombana, na safari hii haikuwa utani.

Ugomvi ulikuwa wa rangi yenyewe. Zilikuwepo mbili, na zote zinang'aa zenyewe, hazihitaji kitu kingine juu. Moja ya mafuta: ukishapuliza umemaliza, lakini inakauka pole pole, usiku kucha. Nyingine selulosi: inakauka kabla hujamaliza kumsalimia mtu, kisha unaisugua mpaka ujione sura.

"Nataka selulosi," Nosim akasema. Alikuwa ameshanunua makopo, kijani kizito cha jani la mkahawa. "Nimesoma maelezo yote kwa Kiingereza. Dakika kumi na tano imekauka. Hiyo ya mafuta, kwa vumbi hili, asubuhi tutakuta tumepaka barabara."

Sumari hakubisha. Alichukua kitambaa, akakilowesha tina, maji makali ya kuyeyushia rangi, akasugua kidogo bawa la gari, juu ya gurudumu. Rangi nyeusi ikalainika na kunata kama gundi.

"Umeona? Mgiriki alipaka rangi ya mafuta, tena kwa brashi. Selulosi ina tina kali. Ukiiweka juu ya hii, ya chini inachemka, yote inajikunja. Labda tukwangue gari zima, na muda huo baba yako hajatupa. Tupake mafuta."

"Kwenye kopo hakuna maneno hayo."

"Kopo linajua lililo ndani yake. Halijui gari lako."

"Sema tu hujui kusoma Kiingereza."

Sumari akaweka kitambaa chini. "Sijui. Na chuo chako kimekufundisha kusoma kila kitu isipokuwa bati."

Nosim alitembea kutoka Sakina mpaka Ilboru bila kuhisi miguu, kwa hasira. Ameniambia mimi sijasoma, alikuwa anawaza, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyeanza hayo.

Jumanne Sumari alipanda basi kwenda Moshi kutafuta mpira mpya wa mashine ya upepo ya kupulizia rangi. Jumatano Nosim aliomba ruhusa ofisini, akamfuata Omary, fundi mwingine wa mjini, akampeleka Sakina na bomba lake la kupulizia.

Omary alilizunguka gari mara moja. "Fundi wake amekubali?"

"Wenye gari ni sisi."

"Haya, bibi. Napuliza unachotaka."

Kwa dakika kama tatu lilikuwa gari zuri kuliko yote Tanganyika. Kijani kilikaa kama kimemwagika kutoka mlimani. Nosim akaanza kutunga maneno atakayomwambia Sumari. Halafu kwenye boneti pakatokea mkunjo mmoja, mdogo, kama utando wa juu ya maziwa ya moto. Ukaja wa pili. Milango ikafuata, mabawa yakafuata, gari zima likajikunja huku linaangaliwa. Omary alikusanya vitu vyake akaondoka bila kuaga.

Sumari alishuka kwenye basi saa tisa, mpira begani. Alisimama mbele ya gari. Nosim alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka, Mzee Loserian akatokea barabarani na wenzake wawili wa chama, shuka begani, fimbo mkononi, amekuja kuwaonyesha gari lake.

"Shikamoo mzee," Sumari akasema.

Mzee hakuitikia. Alipitisha kiganja juu ya boneti. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi, mzee."

Nosim alisikia kabisa, na ulimi wake ukawa mzito kama jiwe. Mzee alisema mengi, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, na katika yote hakuna hata moja la kurudia mbele ya watu. Kisha akaliwasha gari hivyo hivyo, na siku zilizofuata akaliendesha mjini, sokoni, benki, kila mahali, na aliyeuliza aliambiwa: hii ndiyo kazi ya Sumari wa Sakina.

Ijumaa Nosim alizungusha mkono wa simu ya ofisini. Kituo cha petroli cha Sakina kilikuwa na simu, na mpokeaji alikuwa Athumani, ambaye hakuna habari iliyowahi kumpita bila kulipa ushuru.

"Niitie Sumari."

"Sumari!" Athumani aliita mpaka simu ikatetemeka. "Karani wako, na sauti yake si nzuri."

Sumari akaja. "Haloo."

"Nani alikuomba ubebe kosa langu?"

"Ndiyo shukrani hiyo?"

"Nakuuliza. Nani alikutuma?"

"Ulitaka nikuchongee kwa baba yako, mbele ya wazee?"

"Ndiyo. Ungesema. Umenifanya nionekane mtoto aliyekojoa kitandani, wewe unageuza godoro."

"Nilisema neno moja, Nosim. Kulikanusha ulikuwa na dakika nzima. Watu wawili waliokuwa waniletee magari wamebadili nia jana. Kibanda nakifunga mwisho wa mwezi, narudi gereji kuomba kazi. Hasira zako zipeleke kwa huyo mwenye ulimi wa jiwe."

"Dakika tatu zimekwisha," opereta akaingilia. Halafu, kwa sauti ya chini: "Dada, hapo amekuweza."

"Wewe unganisha simu, maisha yangu niachie," Nosim akasema, akakata. Kisha akalia juu ya mashine ya taipu, kwa hasira tupu, maana opereta alikuwa amesema kweli.

Jumapili ibada ilipokwisha Ilboru, wanaume walilizunguka gari nje ya kanisa kama kawaida, wanagusa mikunjo, wanacheka. Mzee Loserian alikuwa ameanza tena: "Huyu kijana wa Sakina..."

"Si yeye," Nosim akasema.

Alikuwa na gauni lake jeupe la kanisani, na mikono ameibana nyuma.

"Sumari alikataa rangi hii. Alinionyesha kwa kitambaa na tina kwamba itajikunja. Aliposafiri nikaleta mtu mwingine akapuliza. Nimeliharibu mimi, halafu nikanyamaza."

Hata kinamama waliokuwa wanasalimiana wakasimama. Mzee Loserian aliangalia fimbo yake, akaangalia gari, mwisho akamwangalia binti yake.

"Siku zote hizi umeniacha namchafua mtoto wa watu."

"Ndiyo, baba."

"Basi ulikwangue wewe. Kwa mikono yako. Kila siku, mpaka bati lionekane. Kufungua ghala nitakwenda kwa miguu."

Jumatatu jioni Nosim alikuwa Sakina na shati kuukuu la kaka yake na kanga kiunoni, Sumari ameshamwekea kikwangulio, msasa na ndoo ya maji. Hakumfutia kiti.

"Nimesikia ulichosema kanisani," akamwambia.

"Sikusema kwa ajili yako."

"Hilo nalo nimesikia."

Walifanya kazi siku kumi na mbili karibu bila kuongea, isipokuwa kugombana. Usisugue hivyo, utachimba bati. Usinipigie kelele. Sikupigii kelele, malori yanapita. Viganja vya Nosim vilipasuka, kucha zikaisha, nywele zikajaa vumbi jeusi la rangi ya Mgiriki. Sumari akawa anamwekea mafuta ya kupaka mikono juu ya ndoo, halafu anajifanya hajui nani kayaweka.

Jumamosi gari lilisimama uchi, bati tupu la kijivu, na Sumari akaanza kukoroga makopo.

"Hiyo ni selulosi," Nosim akasema.

"Ndiyo."

"Si ulisema..."

"Nilisema juu ya mafuta. Sasa chini ni bati, hakuna cha kuchemka. Na kuhusu vumbi la barabara hii ulikuwa na haki toka mwanzo, nikaona uchungu kukubali."

"Rudia."

"Sirudii." Akaendelea kukoroga, macho ndani ya kopo. "Nataka kumtuma mjomba wangu Aminiel kwa baba yako. Kukuposa."

"Unaniambia nikiwa nanuka tina?"

"Mimi nanuka tina miaka sita."

Nosim alitaka kucheka, ila hasira ilikuwa bado ina la kusema. "Sumari, nakupenda mpaka inaniudhi. Lakini mume wa kunifunika simtaki. Nikikosea tena mbele ya baba utafanya nini?"

Hapo hapo Mzee Loserian akaingia na wale wenzake wawili. Shikamoo zikapita, safari hii zikaitikiwa. Wazee wakalizunguka gari, wakapapasa bati, mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Binti amefanya kazi," akasema.

"Liko tayari kupulizwa?" Mzee Loserian akauliza, na usoni kwake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, palikuwa na kitu kama furaha.

Sumari alichuchumaa, akapita mlango mmoja baada ya mwingine kwa vidole. Angeweza tu kusema ndiyo, yakaisha.

"Bado, mzee. Mlango wa nyuma, chini kabisa, Nosim ameacha ukanda wa rangi ya zamani, upana wa kidole. Amekosea. Hapo patajikunja."

Damu ilimpanda Nosim mpaka masikioni. Mkono wake ulikishika kikwangulio, na kwa muda hakuwa na hakika atakitumia kwenye mlango au kwenye kichwa cha mtu.

"Ni kweli?" baba yake akauliza.

Akapiga magoti kwenye vumbi, akachungulia. Ukanda ulikuwepo, mweusi, umejificha chini ya mkunjo wa bati.

"Ni kweli, baba."

Akanyoosha mkono bila kumwangalia Sumari. "Msasa."

Sumari akampa, na vidole vyao vikagusana, Nosim akavibana mpaka vikamuuma.

"Mtume mjomba wako," akasema kati ya meno. "Na aje upesi, maana nimekasirika sana."

"Mjomba yupi?" Mzee Loserian akauliza.

Msasa ulikuwa umeshaanza kukwaruza.